Uzi: Klachi ya mtumba kwenye Hiace ya abiria, niifunge au nisubiri mpya kutoka Unguja?

Dereva wa Konde (mwenye uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina Hiace ya dizeli, injini ya aina ya 3L, ninayopakia abiria baina ya Konde na Chake Chake, na imenifikisha pahala ambapo nimeshindwa kukata shauri peke yangu. Yapata wiki mbili sasa, kila ninapopanda kilima gari ikiwa imejaa, injini inavuma kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki, na hali hiyo huwa mbaya zaidi nikiwa kwenye gia ya tatu na ya nne. Juzi nilipokaribia kufika juu, abiria mmoja aliniuliza kama kuna mtu anachoma kamba ya nazi humu ndani, nami nikajua kwamba ile harufu si ya nje.

Fundi wangu amesema klachi inateleza na lazima giaboksi ishuke. Hapa Chake yupo muuzaji wa vipuri vilivyotumika ambaye ana pleti (ile sahani inayoshikanisha injini na giaboksi) na presha pleti (chuma chenye springi kinachoibana) zilizovuliwa kwenye injini ya 3L, na anataka shilingi 90,000 kwa vyote viwili. Seti mpya niliyoulizia Unguja, ikiwa na beringi yake, ni shilingi 280,000, na bado haijapakiwa melini kuletwa Mkoani. Ufundi ni shilingi 100,000, iwe nimefunga mpya au ya mtumba. Mkononi nina laki mbili, na msimu wa karafuu umeshabisha hodi, maana yake kila siku ambayo gari imelala ni wachumaji na magunia yanayopanda gari za wenzangu.

Ninaomba ushauri wa wale waliowahi kufunga klachi iliyotumika, hasa wa huku Pemba, kwa sababu njia zetu za kupanda na kushuka si sawa na tambarare za watu wengine.

Fundi wa Machomane

Waalaykum salaam, kaka. Kabla hatujafika kwenye mtumba na mpya, napenda tuwe na hakika kwamba pleti ndiyo iliyokwisha, kwa sababu nimeshuhudia giaboksi zikishushwa kwa kosa ambalo lilikuwa kwenye pedeli. Hiace yako inatumia klachi ya mafuta, yaani silinda kuu iliyopo juu kwenye pedeli na silinda ndogo iliyofungwa pembeni mwa giaboksi. Ukiibonyeza pedeli kwa kidole, inatakiwa icheze kidogo kabla haijaanza kusukuma, takriban milimita 5 hadi 15. Ikiwa haichezi hata kidogo, kijiti cha silinda kinabaki kimebana, mafuta hayarudi kwenye chupa yake, na klachi inakuwa kama mtu ameikanyaga nusu mchana kutwa. Gari itateleza na pleti bado ni nzima, ingawa ukiendelea kuiendesha hivyo utaimaliza kweli. Mpira wa mafuta uliovimba kwa ndani nao huleta maradhi hayo hayo.

Jambo la pili, lala chini ya gari asubuhi kabla hujaiwasha, uangalie chini ya kengele ya giaboksi, pale inapokutana na injini. Kama kuna unyevu wa mafuta, ufute kwa kidole na unuse. Mafuta ya injini ya dizeli ni meusi tititi, na hayo yanatoka kwenye sili, yaani mpira wa kuzuia mafuta, ya nyuma ya krenki. Mafuta ya giaboksi yana harufu kali inayofanana na ya kiberiti, na hayo yanatoka kwenye sili ya mbele ya giaboksi. Tuletee majibu ya mambo hayo mawili kwanza.

Dereva wa Konde (mwenye uzi)

Nimeangalia asubuhi hii. Pedeli inacheza, nimepima kwa rula nikapata kama milimita 10. Chini ya kengele kuna mafuta, si mengi ya kudondoka, bali yameganda pamoja na vumbi na kufanya ukoko mweusi. Nimenusa, hayana harufu ya kiberiti.

Fundi wa Machomane

Basi sili ya nyuma ya krenki inavuja, na pleti yako huenda imelowa. Hilo linabadilisha hesabu yote, kwa sababu klachi yoyote utakayofunga juu ya sili inayovuja, hata ukiitoa kwenye boksi mbele ya macho yangu, itarudi kuteleza. Sili si ghali. Giaboksi ikiwa chini na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, imefunguliwa, kuibadilisha ni kazi ya dakika chache, lakini ukiisahau utashusha giaboksi mara ya pili. Mwambie fundi wako leo, kabla hujamuuliza bei ya kitu kingine chochote.

Mzee wa Mtambile

Kijana wangu, mimi nimeendesha gari za abiria tangu zile za mabenchi ya mbao zenye ubavu wazi, na nitasema wazi kwamba nimefunga klachi za mtumba si mara moja wala mbili. Iliyokaa muda mrefu kuliko zote ilinifikisha miaka mitatu, na niliivua kwa sababu nilibadilisha injini. Mpya niliyowahi kununua kwa pesa nyingi ilikufa kabla ya mwaka. Kwa hiyo vijana watakaokwambia kwamba kilichotumika ni takataka, waulize gari yenyewe wameipata wapi. Hiace yako ilishuka bandarini ikiwa imetumika, injini imetumika, giaboksi imetumika, tairi za kwanza ulizozikuta zimetumika, na klachi iliyoteleza juzi ndiyo iliyokuja nayo kutoka Japani. Hukuogopa siku ile. Kitu cha Mjapani kilichotengenezwa kwa gari yake mwenyewe, hata kikiwa kimeliwa nusu, ninakiamini.

Ninachokuhimiza ni kukitazama kwa macho yako mwenyewe kabla hujatoa pesa, na kumtaka muuzaji akupe siku za kukirudisha.

Mama Keri

Shikamoo mzee wetu wa Mtambile. Kwa heshima zote, naomba niseme yaliyonifika mimi, kwa sababu si kila mtu ana bahati yako.

Nina keri inayofanya kazi ya kubeba mizigo na abiria wa bandarini Mkoani, naye dereva ni mtoto wa dada yangu. Mwaka jana klachi ilikwisha, na kwa kuwa nilikuwa nina harusi ya mwanangu mbele yangu, nikakubali kufunga ya mtumba ili nipunguze gharama. Sikuiona kabla ya kufungwa. Niliambiwa ni nzuri, nikatoa pesa. Wiki ya kwanza gari ilikuwa inatetemeka kila inapoondoka, kama punda anayekataa kigari, nikaambiwa itazoea. Haikuzoea. Mwezi wa pili, asubuhi ya meli, gari ikiwa na mizigo ya watu, ilisimama kwenye kile kilima cha kutoka bandarini, injini inanguruma na magurudumu hayajui kama kuna injini. Vijana wa bandarini waliweka mawe nyuma ya tairi ndipo mtoto akaweza kushuka.

Gari ilipofunguliwa nilikwenda mwenyewe, nikakaa juu ya ndoo nikatazama. Zile springi ndogo zilizopo katikati ya pleti zilikuwa zimelegea hata ukiitikisa pleti mkononi inalia kama njuga, na moja ilikuwa haipo kabisa. Fundi aliyeifunga bila shaka aliisikia ile sauti. Nililipa ufundi mara mbili, na siku nne gari imelala, na hiyo seti mpya niliyoikimbia mwanzo nikainunua hatimaye. Aliyeniuzia alisema kipuri kilichotumika hakina dhamana. Ni kweli, hakikuwa nayo.

Kijana wa Gando

Mimi nina njia rahisi zaidi. Kama tatizo ni mafuta tu, kwa nini asiivue pleti yake, akaiosha kwa petroli, akaipitishia moto kidogo mpaka mafuta yakauke, kisha akairudisha? Hapo hahitaji ya mtumba wala mpya.

Fundi wa Machomane

Kaka, hiyo njia ipo na watu wanaifanya, nami niliifanya nilipokuwa mwanagenzi. Lainingi ya klachi, yaani ule uso wa pleti unaoshika, ina vitundu vidogo vidogo, kwa hiyo mafuta hayakai juu kama yanavyokaa kwenye sahani ya udongo. Yanazama ndani. Petroli inaondoa ya juu, gari inatembea vizuri siku mbili tatu, kisha joto la kazi linayavuta yale ya ndani yanatoka tena. Ukiongeza moto ndiyo unaharibu gundi inayoshikilia nyuzi za lainingi, na siku moja inapasuka vipande.

Tena kuna jambo ambalo mafundi wenzangu hawalitilii maanani. Vumbi la klachi za zamani si vumbi la kupuliza kwa kompresa. Japani ilipiga marufuku lainingi za klachi zenye asbestosi mwaka 2004, na gari zetu nyingi za 3L ni za miaka ya tisini, kwa hiyo pleti ya mtumba ya umri huo inaweza kuwa na asbestosi ndani yake, nayo ni sumu ya mapafu inayoua polepole. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe kitambaa. Usipulize, na usiruhusu watoto wa gereji wapulize.

Muuza Vipuri wa Mikunguni

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ninauza vipuri, vipya na vilivyotumika, kwa hiyo maneno yangu yapimeni mkijua maslahi yangu yako wapi.

Mzee wa Mtambile amesema mpya yake ilikufa kabla ya mwaka, nami sishangai. Soko letu lina vitu vya aina tatu ambavyo mnunuzi anaviona kama viwili. Kipo kipya halisi, kipo kipya cha kuigiza kilichowekwa kwenye boksi lenye jina la watu, na kipo kilichotumika. Kwa Toyota, watengenezaji wa klachi mtakaokutana na majina yao sana ni Aisin na Exedy, wote wa Japani, na Exedy ndiyo ile ile iliyokuwa ikiitwa Daikin mpaka mwaka 1995. Kwa kuwa majina hayo yanaaminika, ndiyo yanayoigwa. Boksi linaloigwa huwa zuri, pengine zuri kuliko la asili, lakini ukiishika pleti yenyewe utaona ribiti, vile visumari vinavyoshikilia lainingi, hazikai mstari mmoja, maandishi kwenye chuma yamepigwa kwa wino unaofutika kwa kidole chenye mate, na meno ya katikati yana kingo kali ambazo hazikukerezwa vizuri.

Kwa hiyo swali la ndugu yetu wa Konde lina upande ambao haujaguswa. Akiwa na chaguo la mpya halisi na la mtumba, ninamwambia anunue mpya hata kama si kwangu. Lakini akiwa hana uhakika wa upya wa hiyo mpya, basi ya mtumba ya asili iliyopimwa vizuri inaweza kuwa salama kuliko boksi linalong'aa. Vingi vya mtumba tunavyoleta vinapitia Sharjah, kwenye lile soko kubwa la gari zilizokatwakatwa, na vingine vinakuja na injini nzima kutoka Japani. Kinachokuja kikiwa bado kimefungwa kwenye injini yake ni bora zaidi, kwa sababu unakiona kinavyokaa na hakijalala kwenye mchanga wa uwanjani. Kilichovuliwa zamani kikatupwa kwenye kapu, kikapigwa na unyevu wa bahari miezi, hicho hata mimi mwenyewe ninakiuza nikiwa nimeinamisha uso.

Mwulize muuzaji wako: ameivua yeye, au amekuja kuikuta imevuliwa?

Mzee wa Mtambile

Marahaba, binti yangu Mama Keri, na pole kwa yaliyokukuta. Lakini wewe hukununua klachi ya mtumba, ulinunua klachi ambayo hukuiona. Hata mpya ingekuwa hivyo hivyo.

Mama Keri

Hapo mzee wangu umenishika, sina la kujibu. Lakini ni wangapi kati yetu wanajua kuiangalia?

Fundi wa Machomane

Basi tumfundishe ndugu yetu kuiangalia, na mwisho nitasema hesabu yangu, kwa sababu mimi na Mzee hatujakubaliana bado.

Chukua kipimo cha keliba, kile chenye kijiti kinachotoka mkiani. Weka mkia juu ya lainingi, shusha kijiti mpaka kiguse kichwa cha ribiti. Toyota inataka kina hicho kisipungue milimita 0.3, na chini ya hapo pleti ni ya kutupa. Lakini 0.3 ni kaburi, usilichukulie kama kizingiti cha nyumba. Gari yako inapanda vilima ikiwa na watu kumi na tano kila siku, kwa hiyo mimi kwa mtumba sikubali chini ya milimita 0.8, tena pande zote mbili, kwa sababu pleti huliwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Pima ribiti nne au tano za kila upande, usipime moja.

Kisha itikise karibu na sikio kama alivyosimulia Mama Keri. Shika katikati kwa mkono mmoja na ukingo kwa mkono mwingine, uizungushe. Springi zinatakiwa zibane, zisicheze. Ingiza kwenye shafti ya giaboksi yako, isijikwame na isiwe na mchezo wa kuzunguka. Hapo utajua pia kama meno na kipenyo ni vya gari yako, maana injini za Toyota zimetumia klachi za vipenyo mbalimbali, zipo za milimita 224 na za 236, na neno «ni ya 3L» halitoshi.

Kwa presha pleti, tazama uso wa chuma unaobana. Ukiwa na mabaka ya rangi ya buluu, ujue chuma kiliwahi kufika joto la takriban nyuzi 300, yaani mtu aliitelezesha mpaka ikaungua. Ukiona vipasuko vyembamba kama vya udongo uliokauka, iache. Tazama vile vidole vya springi vinavyosukumwa na beringi: vyote viwe vimo kwenye usawa mmoja, tofauti isizidi nusu milimita, na pale beringi inapogusa pasiwe pamechimbika zaidi ya milimita 0.6. Beringi yenyewe usinunue ya mtumba hata ukipewa bure. Huwezi kuipima, inazunguka vizuri mkononi na inalia wiki ijayo.

Sasa hesabu. Ufundi wako ni 100,000 kwa njia yoyote. Ukifunga mtumba wa 90,000, umetoa 190,000. Mpya ni 380,000. Mtumba ukikaa mwaka mmoja na nusu, Mzee ameshinda. Mtumba ukifa katika miezi mitatu, utalipa tena 380,000, jumla 570,000, bila kuhesabu siku gari ilizolala katikati ya msimu. Nikishusha giaboksi ya mtu kwa ajili ya pleti, ninachouza hasa ni ule ushushaji, pleti ni kitu kidogo ndani yake. Nikubali kuirudisha juu na kitu ambacho sijui kimebakiwa na miezi mingapi?

Halafu pleti iliyotumika imekwishajikunja kufuata uso wa flaiwili ya gari nyingine, yenye mabonde na vilima vyake. Ukiileta kwenye flaiwili yako inagusa juu ya vilima tu mpaka ijisage upya, na kwa pleti ambayo imeshaliwa nusu, kule kujisaga upya ni sehemu ya uhai uliobaki. Kule kutetemeka kwa keri ya Mama kulianzia hapo kwa sehemu, naamini.

Muuza Vipuri wa Mikunguni

Ninaongeza kwamba hayo ya flaiwili yanahusu pleti. Presha pleti ni habari nyingine, kwa kuwa uso wake ni wa chuma na pleti mpya ndiyo itakayojisaga kuufuata. Mara nyingi nimewauzia watu pleti mpya na presha pleti iliyotumika, wakaenda vizuri.

Fundi wa Machomane

Nimelifanya hilo, sikatai. Sipendi, lakini nimelifanya.

Dereva wa Konde (mwenye uzi)

Ndugu zangu, nawashukuru wote, na samahani kwa kukaa kimya siku nne. Gari ilifunguliwa Jumapili, nami nilikuwepo tangu saa 2 asubuhi.

Propela shafti ikatolewa, giaboksi ikashuka, na kengele ilipoachia tu tukaona mambo kama Fundi wa Machomane alivyoyasema akiwa kwao. Sili ya nyuma ya krenki ilikuwa imekauka mpaka imekuwa ngumu kama ganda la chaza, na mafuta yametapakaa nyuma ya flaiwili. Pleti yangu ilikuwa nyeusi na inang'aa. Tukapima ribiti: milimita 0.4 upande mmoja, 0.6 upande wa pili. Kwa hiyo haikuwa imekwisha kabisa, ingalinisukuma miezi kadhaa kama isingelowa, lakini kuirudisha hakukuwa na maana. Presha pleti yangu ilikuwa na mabaka mawili ya buluu na vipasuko vyembamba pembezoni. Flaiwili ilikuwa salama, fundi aliipitisha msasa na kuipangusa kwa petroli.

Tukaenda kwa muuzaji na keliba mkononi. Sikumwambia kitu, nikamwomba tu niitazame nje kwenye mwanga. Pleti yake ilipima milimita 0.9 upande mmoja na 0.5 upande mwingine. Springi zilibana, meno yaliingia vizuri kwenye shafti tuliyokwenda nayo, na ingekuwa Mzee wa Mtambile yupo naamini angeniambia nilipe. Mimi mwenyewe nilishaanza kuingiza mkono mfukoni. Lakini karibu na kitovu, baina ya ribiti, palikuwa na doa lililokoza kidogo kuliko kwingine. Nikaomba karatasi ya kaki, ile ya kufungia sukari, nikailaza pleti juu yake penye jua la saa 6, juu ya bati, tukakaa tunakunywa kahawa. Baada ya nusu saa niliinua pleti, na kwenye karatasi kulikuwa na mwezi mwembamba wa mafuta. Muuzaji aliitazama ile karatasi muda mrefu kuliko mimi. Alisema naye hakujua, kwani ameikuta imeshavuliwa, na ninamsadiki.

Presha pleti yake, hata hivyo, ilikuwa safi: haina buluu, vidole vimelingana tulipoviwekea rula juu yake, na pale pa beringi kuna alama tu, hapajachimbika. Nikarudi nyumbani nikalala na hesabu. Pleti mpya peke yake, beringi na sili kutoka Unguja ziligharimu 130,000, 35,000 na 20,000. Presha pleti ya mtumba, baada ya kuelewana, 45,000. Ukijumlisha na ufundi ni 330,000, wakati kila kitu kipya pamoja na sili kingefika 400,000. Laki na thelathini iliyopungua nimekopa kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Muuza Vipuri wa Mikunguni ndiye aliyenichagulia pleti, na aliniambia niipake mate ile chapa kabla sijalipa. Sikuweza kwa kuwa nilikuwa Konde, lakini fundi ameifanya kazi hiyo kwa niaba yangu na wino haukufutika.

Vipuri vilishuka melini Mkoani Jumatano, gari ikafungwa Alhamisi. Fundi alikatia kijiti cha mpera kipenyo cha shafti ili kuiweka pleti katikati, akakaza bolti za presha pleti kwa kuvukana, kidogo kidogo, na mimi nikimshikia taa.

Mzee wa Mtambile

Kwa hiyo umefunga mtumba.

Dereva wa Konde (mwenye uzi)

Nusu, mzee wangu. Na sikufichi kwamba nusu hiyo bado inanikosesha usingizi kidogo, kwa sababu nimeokoa 70,000 tu, na ikitokea presha pleti ikachoka kabla ya pleti, nitaulipa ufundi tena.

Fundi wa Machomane

Usiibebeshe mizigo mizito mara moja. Kilomita 500 za mwanzo ondoka taratibu, usiishikilie gari kilimani kwa klachi wakati abiria anatafuta chenji, tumia breki ya mkono. Ondoa mguu juu ya pedeli ukiwa safarini. Kisha angalia tena chini ya kengele kama pamekauka.

Mama Keri

Na ile pleti yenye mafuta, muuzaji ameifanyaje?

Dereva wa Konde (mwenye uzi)

Dada yangu, nilipokwenda kuchukua presha pleti niliikuta bado ipo dukani. Ameirudisha kwenye rafu, upande wenye doa ukiangalia chini.